Posho Ikichelewa: kwa mdogo wangu anayeanza uzamili Moshi

Nilishuka stendi ya Moshi Oktoba 2023 nikiwa na mabegi mawili, barua ya ufadhili ndani ya bahasha ya plastiki, na shilingi 940,000. Barua ilisema nitalipwa dola 500 kwa mwezi, kwa miezi 24. Ndani ya basi, kuanzia Mombo mpaka Same, nilikuwa nimeshazigeuza kuwa shilingi, nikazizidisha mara 24, nikamjengea mama choo cha ndani na bado chenji ikabaki.

Posho ya kwanza iliingia Februari.

Karibu yote nitakayokuambia hapa nilijifunza kati ya Oktoba ile na Februari ile, kwa njaa kidogo na aibu nyingi. Pesa ya ufadhili mara nyingi inatosha. Shida yake ni tarehe. Tumbo linadai kila siku, mwenye nyumba anadai kwa mkataba, mfadhili analipa akishasaini mtu ambaye wiki hiyo yuko safarini.

Nianze na chumba, maana ndiko pesa yangu ilikokwenda kwanza. Nilipata chumba na sebule kwa 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka miezi sita, dalali akataka kodi ya mwezi mmoja. Hapo 560,000 imeondoka kabla sijanunua hata ndoo. Ukiongeza godoro, mtungi mdogo wa gesi, pazia na kufuli, jioni ya siku ya tatu nilibaki na 210,000 na mfadhili hajui hata kama nimefika. Wewe omba miezi mitatu. Nenda mwenyewe kwa mzee, usimtume dalali, salimia vizuri, onyesha barua ya chuo, mwambie pesa yako inakuja kila robo mwaka. Wenye nyumba wa Moshi wamezoea wanafunzi, na wengi wanalainika wakiona huwafichi kitu. Uliza pia kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mita ya pamoja na jirani mwenye jokofu na pasi ni ugomvi wa kila wiki.

Sasa hiyo tarehe. Usimuulize mratibu wa ufadhili posho itaingia lini. Atakuambia kilichoandikwa kwenye mkataba. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye mfadhili huyohuyo, mnunulie chai, muulize: mwaka jana iliingia lini? Jibu lake ndiyo kalenda yako. Utagundua mzunguko wa ajabu: mfadhili anasubiri chuo kithibitishe umesajiliwa, chuo hakikusajili mpaka ada ilipwe, na ada inalipwa na mfadhili. Njia ya kuukata ni kuomba barua ya mfadhili inayosema ada atalipa yeye, uipeleke kwa mhasibu na kwa ofisi ya udahili siku ileile, kwa mkono wako, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua pepe peke yake itakufa kwenye kikasha cha mtu.

Kwangu kulikuwa na jambo la pili, na hilo nilijiletea. Akaunti yangu ya benki niliifungua zamani kwa majina mawili. Mkataba wa ufadhili una majina matatu, kama kitambulisho cha NIDA. Pesa ilitumwa Desemba, benki ikairudisha, mfadhili akafunga ofisi kwa Krismasi. Herufi za jina la babu yangu zilinila wiki sita. Linganisha majina leo: cheti, NIDA, akaunti, mkataba. Kama kuna tofauti, benki inarekebisha kwa kitambulisho, na ukikuta foleni fupi unaondoka siku hiyohiyo.

Malimbikizo yalipoingia, zaidi ya milioni sita kwa mpigo, nilifanya anachofanya mtu aliyekaa na njaa: nilinunua jokofu. Sikujuta siku hiyo. Nilijuta Mei, robo iliyofuata ilipochelewa tena na jokofu likawa na maji ya baridi na nyanya mbili. Pesa ya kwanza ikija, toa gharama ya miezi mitatu ya kula, kodi na nauli, iweke mahali ambapo huwezi kuifikia kwa vidole ukiwa kitandani. Siku hizi mimi natumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande kwa simu, na ukivihitaji pesa inarudi baada ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ndizo ninazozipendea. Tamaa nyingi hufa ndani ya siku mbili. Wengine wanapenda SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, au kijumbe, mchango wa kupokezana. Kijumbe ni mzuri kama kipato chako kina siku maalumu. Chako hakina, kwa hiyo utakuwa yule anayewaambia wenzake "nivumilieni kidogo" kila mwezi, mpaka wakuchoke.

Chakula sitakusumbua nacho. Nunua soko la Mbuyuni, pika maharage ya siku tatu, mchana kula kwa mama ntilie mmoja tu ili siku ukikwama akuandike deni.

Ngoja nikae kwenye michango, maana vitabu vya bajeti vya wazungu havina safu hiyo. Ukishasema umepata ufadhili, ukoo mzima husikia neno moja: pesa. Na Kilimanjaro ina Desemba yake. Watu wanapanda kutoka Dar na kwingine kula Krismasi nyumbani, na ndani ya wiki hizo mbili kuna harusi, kipaimara, ubatizo, na kikao cha ukoo kuhusu kaburi la babu. Desemba yangu ya kwanza, sina posho, nilikuwa na kadi nne juu ya meza. Moja ilikuwa ya harusi ya mtu niliyekutana naye mara mbili, imeandikwa jina langu vizuri, na chini kiwango cha "single" na cha "double".

Mama akapiga.

"Mwanangu, baba yako mdogo anauliza kama kadi imekufika."

"Shikamoo mama. Imefika, ila pesa haijafika."

"Si serikali inakulipa?"

Nikamweleza kwa mara ya kwanza: siyo serikali, siyo mshahara, inakuja kila miezi mitatu ikipenda, na sasa hivi nina elfu 35. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa ungesema mapema nisingekuwa nimekuahidia watu." Kumbe kwa vikao vitatu mama alikuwa ananiandikisha ahadi. Toka siku ile tulikubaliana kiwango kimoja cha mwaka mzima, yeye ndiye anayekigawa, na mtu akinipigia namwelekeza kwa mama. Hakuna aliyempigia mama kumbishia. Jaribu kwenu, kila ukoo una mtu ambaye watu hawambishii.

Ukikwama kabisa, kopa kwa mtu anayekujua. Mwenzangu mmoja darasani hakutaka kutuomba sisi, akachukua 150,000 kwenye programu ya simu. Siku mbili baada ya tarehe ya kulipa, namba zote kwenye simu yake zilipokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli na sisi ni wadhamini wake. Msimamizi wake wa tasnifu aliupata akiwa kwenye kikao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuyapiga marufuku, ila mapya huzaliwa, kwa hiyo angalia leseni kabla ya kubonyeza chochote. Kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, anayeshika laptopu kama rehani ni hatari zaidi kwa mwanafunzi. Data zako ziko humo.

Tuje kwenye pesa ya utafiti, ambako watu wazima wenye akili hulia. Ukipewa masurufu, yaani pesa ya kazi inayotangulizwa, hiyo pesa bado si yako mpaka uirejeshee hesabu. Ukishindwa kuirejeshea hesabu, awamu inayofuata inazuiwa, na posho nayo wakati mwingine. Mimi nilikuwa nawahoji akina mama wanaouza ndizi Himo, Mwika na Marangu. Mhasibu anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bodaboda wa kupanda Mwika ana EFD? Mama mwenye mikungu mitatu chini ya mti anayo? Nilirudi kutoka wiki ya kwanza na matumizi ya 412,000 na risiti za 96,000. Mhasibu, dada mmoja mpole sana, alinirudishia mafungu mawili: hili nimepokea, hili utalipa mwenyewe.

Wiki ya pili nilikwenda na fomu yangu: tarehe, jina, kazi aliyofanya au safari aliyonipeleka, kiasi, namba ya simu, saini. Kabla ya kuichapisha niliipeleka kwa mhasibu, akaongeza safu ya kijiji na akanionyesha pa kugongesha muhuri wa mtendaji. Kwa asiyeandika nilibeba pedi ya wino. Kuna bibi mmoja pale Mwika alibonyeza dole gumba, akaliangalia, akalifuta kwenye kanga, akaniuliza, "Sasa nimeuza nini?" Nikamwambia hajauza kitu, nimemlipa muda wake. Akacheka, akasema muda wake haujawahi kuandikiwa karatasi. Fomu ile ilipita bila swali hata moja. Mweleze mtu anachosaini kabla hajasaini; wengine wana sababu ya kuogopa karatasi.

Bajeti ya utafiti inakosewa mahali palepale kila mwaka, nayo ni barua. Barua yako inatoka chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka pale kwa Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi wa halmashauri, halafu mtendaji wa kata, halafu mtendaji wa kijiji. Kila kituo ni nauli, na kila kituo kuna uwezekano wa kuambiwa urudi kesho. Mimi niliandika safari moja, nikaenda tano. Kama utafiti wako unagusa afya, kibali cha maadili nacho kinalipiwa na kinachukua muda, na muda huo unakula posho yako. Usipange kupanda milimani masika, Machi mpaka Mei. Nilikwenda Aprili. Bodaboda aliyenipeleka kwa 3,000 Februari alitaka 7,000, na alikuwa na haki, maana tulisukuma wote.

Kuokoa kopi: dodoso langu lilikuwa na kurasa tisa, watu 120, na kopi ni shilingi 100. Hiyo ni 108,000, halafu ulipe mtu wa kuingiza data. Nilihamishia kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwa simu, ina kiwango cha bure, inafanya kazi bila mtandao, wadadisi wangu wawili walitumia simu zao nikawapa bando. Pesa iliyobaki nilimuongezea mdadisi aliyejua Kichaga cha kule, na yeye ndiye aliyenipatia majibu ya maana.

Kama mfadhili wako analipa kwa dola, usipange maisha kwa kiwango cha siku uliyosaini. Katikati ya 2024 dola moja ilikuwa juu ya shilingi 2,600. Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 2,400. Dola zangu 500 zilikuwa zilezile, laki moja ikawa imeyeyuka, na kadi za Desemba hazikuyeyuka. Mimi sasa nakadiria kwa kiwango cha chini kuliko cha leo, kikipanda nashukuru.

Uliye kazini na umepewa ruhusa ya masomo yenye mshahara: kama ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na hujamaliza kuulipa, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaendelea kukatwa ukiwa darasani. Panga kwa kinachofika mkononi.

Mwisho wa ufadhili hauji siku moja na mwisho wa tasnifu. Miezi yangu 24 iliisha Oktoba 2025 nikiwa na sura mbili msimamizi hajazisoma. Hakuna posho, na chuo kinataka ada ya kuongeza muda. Niliuza jokofu, nikahama chumba na sebule nikaingia chumba kimoja na mwenzangu, nikapata kazi ya kuingiza data za mradi wa mtu mwingine. Ningejua, kuanzia mwezi wa 12 wa ufadhili ningekuwa naweka dola 50 kila mwezi kwa ajili ya miezi ya kumalizia bila posho. Kama kuna nafasi ya kuomba ruzuku ndogo ya kumalizia, iombe ukiwa bado una posho. Maombi yanayoandikwa na mtu mwenye njaa yanasomeka hivyo.

Kama idara yako inadai makala iliyochapishwa, usikubali kutoa dola mia kadhaa kwa jarida linalokuahidi majibu ndani ya siku tatu. Tanzania iko Kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada waandishi wa kundi hilo kwenye majarida yao ya wazi, yale yanayosomwa bure. Msamaha unaombwa wakati wa kuwasilisha makala. Ukiomba baada ya kukubaliwa, mara nyingi umechelewa.

Na weka akiba ya kujalidi. Mimi nilichapisha nakala nne za jalada gumu jeusi, nikazibeba kwenye kifuko kama mtoto, nikaambiwa mlangoni kwamba mwaka huu ni kijani. Uliza rangi kabla hujalipa.