Kabla hujapeleka uhakiki wako gazetini

Wadogo zangu mnaoanza kuandika uhakiki wa filamu hapa Lubumbashi, nataka niwaeleze kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu naliona likirudi katika kazi mnazoniletea, na kwa sababu si lile mnaloliogopa. Mnaogopa kusifu filamu mbovu au kukosoa filamu nzuri. Hilo halina neno: mhakiki ana haki ya kupenda na kutopenda, na msomaji ana haki ya kumbishia. Ninalolisema mimi ni kosa katika mambo yasiyo na ubishi, yaani filamu ilipigwa wapi, iliongozwa na nani, ilipata tuzo gani, na mhusika alitamka nini kabla ya tukio lipi.

Nilikuwa bado mgeni katika kazi hii nilipoandika juu ya “Lumumba”, filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000. Aya moja, tena ile niliyoipenda kuliko zote, ilimsifu mwongozaji kwa kuileta kamera hadi barabara za huku kwetu Katanga, mahali ambapo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na nikadai kwamba udongo ule na mwanga ule visingeweza kupatikana kwingine. Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mzee mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, alikuja ofisini na ukurasa wangu ukiwa umekunjwa mara nne katika mfuko wa shati. Aliukunjua juu ya meza, akaunyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye sentensi ile na kuniuliza kwa upole: “Mwanangu, barabara hiyo unayoisifu ni ipi hapa mjini? Mimi nimezaliwa hapa na siijui.” Sikuwa na la kujibu. Filamu ile ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, katika mji wa Beira, wakati ambapo nchi yetu ilikuwa vitani.

Niliumia, lakini kilichoniumiza zaidi nilikiona usiku nilipoisoma aya ile upya. Jina la mahali lingeweza kusahihishwa kwa neno moja, ila sifa zote nilizommwagia mwongozaji zilikuwa zimejengwa juu ya jina hilo, na lilipoondoka hazikuwa na pa kusimama. Tangu siku hiyo, nikimaliza rasimu, hujiuliza kwanza ni jambo lipi linaloibeba hukumu yangu, nami hulihakiki hilo kabla ya tahajia na kabla ya tarehe. Mhakiki hana muda wa kukagua kila kitu kwa uzito uleule, hasa gazeti likisubiri na umeme ukikatika, basi aanze na nguzo.

Na mjue kwamba sikudanganya. Niliona nilichotamani kukiona. Ningekuwa naandika juu ya filamu ya Kijapani ningeuliza kila kitu, kwa kuwa nisingekuwa na hakika ya lolote. Lakini hii ilikuwa habari ya mji wangu, na mtu hujiamini mno anapozungumzia nyumbani kwake. Ndiyo maana naona makosa mengi katika uhakiki wenu wa filamu zinazohusu Kongo kuliko katika uhakiki wa filamu za mbali. Mmoja wenu ameandika kwamba ndege iliyomleta Lumumba inatua “Lubumbashi”. Uwanja ni uleule wa Luano, lakini mwaka 1961 mji huu uliitwa Élisabethville, na jina tunalolitumia lilikuja mwaka 1966. Mwingine amemsifu Eriq Ebouaney, aliyemwigiza Lumumba, kwa kuwa “mtoto wa Kongo”, ilhali ni mwigizaji wa Ufaransa mwenye asili ya Kameruni. Akaitumia sifa hiyo kueleza kwa nini anaigiza vizuri, na kwa hiyo ameanguka pale pale nilipoangukia mimi.

Tuzo nazo zinahitaji uangalifu. Nimesoma katika rasimu zenu kwamba “Félicité” ni filamu ya mwongozaji Mkongo iliyoshinda katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2017. Ni kweli ilipigwa Kinshasa, na Véro Tshanda Beya aliyeubeba mzigo wote wa filamu ni mwenzetu, lakini mwongozaji ni Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Kule Berlin ilipata Tuzo Kuu ya Majaji, yaani Dubu wa Fedha, na si Dubu wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha hilo. Mwaka huohuo ndipo iliposhinda Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu za Kiafrika la Ouagadougou. Ukiandika tu “ilishinda”, umefuta tofauti ambayo waliohusika wanaijua vizuri sana.

Kuhusu maneno ya wahusika nitasema machache. Andikeni gizani, hata kama mwandiko utakuwa mbaya, na mkiweza itazameni filamu mara ya pili. Msinukuu kamwe kutoka nakala zile zinazotafsiriwa kwa sauti na mtu anayesimulia juu ya filamu, kwa maana msimulizi huongeza ya kwake. Subirini pia majina yanayopita mwishoni, hata kama ukumbi mzima umeshainuka.

Kosa likishachapishwa, lisahihisheni waziwazi: semeni mliandika nini, ukweli ni upi, na hukumu yenu imebadilika au la. Hili la tatu wengi huliruka. Mimi nilimwomba mhariri nafasi katika toleo lililofuata, nikamtaja mzee yule kuwa “msomaji wa Kamalondo”, kisha nikaitazama filamu tena nikiwa najua kwamba mitaa ninayoiona ni ya Beira. Safari hii niliandika jinsi mji wa Msumbiji, wenye majumba yaliyojengwa na wakoloni wengine, ulivyoweza kuvikwa sura ya Léopoldville, yaani Kinshasa, ya mwaka 1960, na kwa nini mimi, mwenyeji wa nchi hii, nilikubali bila kuuliza. Aya hiyo ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na mzee alirudi ofisini kunionyesha kwamba nimekosea herufi moja katika jina la Okito.