Kwa mwanangu: pointi mbili za Wimbledon

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini Angella Okutoyi, mchezaji wetu wa tenisi aliyetwaa taji la vijana la Wimbledon, Uingereza, mwaka 2022, haonekani runingani pamoja na mabingwa wakubwa, na kama kuna haja ya mjukuu wangu kuendelea kwenda uwanjani kila jioni. Nimekaa na swali lako wiki nzima, kwa sababu raketi ndizo zilizokulisha na kukusomesha.

Jibu limo katika fainali ile yenyewe. Angella na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walicheza na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, katika mchezo wa wasichana wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakashinda taibreka ya mwisho, yaani pointi za kuamua mshindi, 11-9, na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa Grand Slam, yale mashindano manne makuu ya tenisi duniani. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu ya kufunga nyuzi, nikifuatilia matokeo kwa simu, na raketi iliyokuwa mbele yangu ilibaki na nyuzi nusu hadi pointi ile ya mwisho.

Sasa mtazame Mboko, binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani, akashinda mashindano madogo moja baada ya jingine, yakiwamo ya visiwa vya Martinique na Guadeloupe, na Agosti akatwaa taji la Montreal, huko kwao Kanada, kwa kumshinda nyota wa Japani Naomi Osaka kwenye fainali. Alipokuwa akipanda, alikuwa na shirikisho lenye makocha na viwanja vya ndani vya kuchezea majira ya baridi, na Montreal yenyewe aliingia kwa mwaliko wa wenyeji. Simnyimi sifa zake, maana mkono wake ni mzito kweli. Ila miaka mitatu kabla, kati yake na msichana wetu palikuwa na pointi mbili tu.

Pointi zinazompandisha mchezaji kwenye orodha ya ubora ya dunia hazipatikani nyumbani, mwanangu. Hudumu majuma 52 kisha hufutika, kwa hiyo mchezaji hana budi kusafiri tena na tena ili kuzirudisha. Katika mashindano ya ngazi ya chini zawadi yote ni dola 15,000, nazo hugawanywa kwa wachezaji wote, hivyo anayetolewa raundi ya kwanza hawezi hata kurudisha nauli. Angella alipata dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra mwaka 2024, ambayo ingemfikisha Olimpiki ya Paris kama angekuwa ndani ya 400 bora, lakini nafasi yake kwenye orodha haikutosha. Jambo hilo liliniuma kuliko kushindwa kokote uwanjani.

Hata hivyo, usisahau alikoanzia. Mama yake alifariki alipomzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi aliyekuwa akifanya usafi katika shule ya msingi ya Loresho, na hapo hapo shuleni ndipo aliposhika raketi. Raketi hiyo ilimpeleka Melbourne, kwenye Grand Slam ya Australia, mnamo Januari 2022, alikofika raundi ya tatu ya vijana, na baadaye ikamfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Auburn kule Marekani. Kwangu mimi, mtoto aliyefika chuo kikuu kwa mkono wake wa kulia amepanda, hata kama runinga haimwonyeshi.

Kwa hiyo mwache mtoto acheze, lakini usikope fedha kwa ajili ya safari zake kabla hajafika umri wa kuchagua mwenyewe. Mlete likizo ijayo. Nimemfungia raketi ndogo kwa nyuzi laini ili kiwiko kisimuume, na nina kikapu cha mipira iliyokwisha manyoya, ambayo bado inaruka vizuri ukutani.

Baba yako