Kabla hamjauza kibanja kwa ajili ya seli shina: jibu la mtu aliyekwisha kuuza

Ndugu yangu wa Masaka, umeuliza kama inafaa familia yenu iuze kibanja ili mdogo wako, aliyeanguka na boda boda miezi 14 iliyopita na kupooza kuanzia kifuani, apelekwe ng'ambo akapandikizwe seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Swali lako ndilo lililokuwa langu mwaka 2015, na mimi nililijibu kwa kuuza.

Nilianguka kutoka juu ya paa nikipigilia mabati hapa Bombo, Uganda, mwaka 2012. Pingili moja ya mgongo ilivunjika, na ugwe upitao ndani yake, ambao wengi wetu tunauita uti wa mgongo bila kuutofautisha na mfupa, ukapondeka. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mfupa wangu uliunga, tena vizuri, ugwe haukuunga. Nyuzi za neva zilizokatika ndani ya ugwe hazichipui zikafika mbali kama zile za mkononi au mguuni, ala ya mafuta inayozifunika hubanduka hata kwenye nyuzi zilizosalia, na mahali palipopondeka hubaki kovu, mara nyingi pamoja na uwazi uliojaa majimaji. Watafiti wanapopandikiza seli hutaka zifanye kazi mojawapo kati ya hizo: kurudisha ala, kuwa daraja la nyuzi kupitia, kuziba pengo kwa neva mpya, au kutoa kemikali za kulinda kilichobaki. Kila kazi ina aina yake ya seli. Kwa hiyo anayekuambia atapandikiza "seli shina" bila kutaja ni zipi ni sawa na fundi anayekuambia atakujengea nyumba kwa "vifaa".

Kliniki niliyokwenda, katika nchi moja ya Asia, ilinichoma sindano nne kiunoni, moja kila baada ya siku chache. Nilihisi joto miguuni baada ya sindano ya pili, nikalia kwa furaha, nikampigia simu mama yangu. Joto hilo liliisha kabla sijarudi nyumbani. Daktari aliyenipokea Kampala alisoma karatasi zangu mara mbili, kisha akauliza, "Seli hizi zilitoka kwa nani?" Karatasi hazikusema. Akachukua pini na kunigusa kutoka kifuani kushuka chini, huku akiniuliza kama ni ncha au ni kichwa cha pini, na mstari ambapo hisia zilikoma ulikuwa palepale pa mwaka 2012. Nilichorudi nacho kipya ni kidonda cha kulalia kwenye kalio, kilichotokana na kukaa kwenye kiti cha ndege saa nyingi bila kujiinua. Kilichukua miezi saba kupona.

Sisemi kwamba sayansi yenyewe ni uongo. Mwaka 2010 kampuni ya Geron ya Marekani ilianza kumjaribia mgonjwa wa kwanza seli zilizokuzwa kutokana na kiinitete (mimba changa kabisa), kisha ikaacha mwaka uliofuata kwa sababu za fedha. Kule Wrocław, Poland, Darek Fidyka, ambaye ugwe wake ulikatwa kwa kisu, alifanyiwa upasuaji mwaka 2012: seli zilitolewa kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na vipande vya neva ya kifundo cha mguu vikawekwa kama daraja juu ya pengo la milimita 8. Akaanza kutembea kwa kushikilia kiunzi, lakini kwa mazoezi mazito yasiyokatizwa. Naye ni mtu mmoja, na mtu mmoja hathibitishi tiba. Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Keio kilitangaza mwaka 2025 matokeo ya wagonjwa wanne waliopandikizwa kila mmoja seli zipatazo milioni 2, zilizotokana na seli za kawaida zilizorudishwa kwenye hali ya ushina. Wawili walipata nafuu, na mmoja wao aliweza kusimama bila kushikwa. Wawili wengine hawakuonyesha nafuu ya maana. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, na baadhi ya walioumia hupata nafuu kiasi katika miezi ya mwanzo hata bila seli.

Zingatia jambo moja katika habari hiyo ya Keio: wagonjwa wale walipandikizwa kati ya siku 14 na 28 baada ya kuumia, kabla kovu halijakomaa. Mdogo wako ana miezi 14 tangu aumie. Kama kuna dalali aliyewaonyesha video ya wagonjwa hao wa Keio, anawauzia matumaini ya mgonjwa wa aina nyingine kabisa.

Na msidhani kwamba lisilosaidia halidhuru. Mwaka 2014 madaktari waliandika kuhusu mwanamke aliyepandikizwa utando wa pua mgongoni huko Lisbon. Miaka minane baadaye alianza kuumwa, na walipompasua walikuta uvimbe uliokuwa ukitoa ute mzito, kama pua inavyofanya. Seli zilikuwa zikifanya kazi yake ya asili, ila mahali pasipo pake.

Fedha za kibanja, kama lazima kiuzwe, zingetosha kitimwendo kinacholingana na mwili wake, mto mzuri wa kukalia, mipira safi ya mkojo, na mtaalamu wa mazoezi kwa muda mrefu. Vidonda na maambukizi ya mkojo vimewaua wenzangu kadhaa niliolazwa nao, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na miguu isiyotembea.

Mkiendelea kuwasiliana na kliniki ya ng'ambo mnayotaka kumpeleka, waulizeni kwa maandishi: seli ni za aina gani na zimetoka wapi, jaribio limesajiliwa wapi, na kwa nini mgonjwa anatozwa fedha, ilhali majaribio ya kweli kwa kawaida hayamtozi anayejaribiwa. Mimi niliwauliza hivyo wengine walionitafuta mwaka 2019. Jibu lao lilikuja siku hiyohiyo, nalo lilikuwa bei mpya iliyopunguzwa.