Kocha Ameondoka, Mtoto Afanye Nini?

Papa Kocha anajibu barua za wasomaji, Lubumbashi

SWALI: Jambo Papa Kocha. Mtoto wangu wa kwanza yuko Marekani kwa kaka yangu tangu akiwa na miaka tisa. Anacheza ule mpira wao wa kushika mikononi, yuko kwenye mstari wa mbele, kati ya wale wanene wanaosukumana. Chuo kikuu kimoja kilimpa masomo bure, sasa yuko mwaka wa pili. Kocha aliyemchukua alifika hadi nyumbani kwa kaka, akala bukari na sombe kwa mkono, akanipigia kwa video na kuniahidi kwamba atamtunza kama wake. Mwezi wa kumi na mbili kocha huyo akahamia chuo kingine. Mtoto hali vizuri, halali. Sasa kocha amemtumia ujumbe kupitia rafiki: njoo huku. Huyu mpya hata jina la mtoto hajalijua. Kaka yangu anasema amfuate aliyempenda. Mimi naogopa kwa ajili ya masomo. Nimwambie nini? — *Mama Mapasa, Katuba*

JIBU: Mama Mapasa, jambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye bukari. Sidhani yule kocha alikudanganya. Nadhani aliyasema kwa moyo wake wote, ila aliahidi kitu ambacho hakikuwa chake.

Masomo bure mtoto amepewa na chuo. Nafasi ya kucheza ndiyo iliyokuwa mkononi mwa kocha. Kocha anapoondoka, ile karatasi ya masomo inabaki ofisini pale pale, ina sahihi. Mwambie kijana aitafute leo, apige picha kila ukurasa, kaka yako akusomee neno kwa neno: ni ya mwaka mmoja inayofanywa upya, au inafika hadi mwisho wa masomo? Kabla hujajua hilo, usimpe shauri lolote.

Pia ule ujumbe wa kupitia rafiki haukupaswa kufika. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zinamkataza kocha wa chuo kingine kumvuta mchezaji ambaye hajajiandikisha kwenye lango la uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, hata kwa kumtuma mtu wa tatu. Kwa hiyo kijana asijibu. Akijiandikisha kwa sababu ya maneno ya rafiki, chuo chake kinaweza kuijaza nafasi yake, na huko anakokwenda hana hata mstari mmoja ulioandikwa. Maneno hayo ya simu yamewaacha vijana wengi hewani.

Anao muda, lakini si mwingi. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake hufunguliwa dirisha lao la kuhama. Zamani lilikuwa la siku 30. Sasa ni siku 15, na linaanza siku ya tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Ahesabu leo amebakiza siku ngapi.

Sasa nikupe habari ya mtu wa kwetu, maana kaka yako anadhani kubaki na mgeni ni kupotea. Tshimanga Biakabutuka, jina ambalo ndugu zetu wa Kasai hapa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa kulitamka, alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia karibu na Montreal, akaenda kucheza Chuo Kikuu cha Michigan. Mei 1995 kocha wake, Gary Moeller, alijiuzulu. Timu akapewa msaidizi wake, Lloyd Carr, tena kwa muda tu kwanza. Biakabutuka alibaki. Tarehe 25 Novemba mwaka huo huo walicheza na timu ya chuo cha Ohio State, ambayo ilikuwa haijafungwa hata mara moja. Kijana wetu alikimbia na mpira yadi 313 peke yake, Michigan ikashinda 31 kwa 23. Mwaka uliofuata Carolina Panthers, timu ya wanaolipwa, wakamchagua akiwa wa nane katika nchi nzima.

Lakini sikufichi, Mama. Carr hakuwa mgeni pale. Alikuwa msaidizi Michigan tangu mwaka 1980, na vijana wale aliwajua kwa kuwafundisha. Kocha anayetoka nje huja na watu wake. Kocha Deion Sanders alipofika Chuo Kikuu cha Colorado Desemba 2022 aliwaambia wachezaji waziwazi, katika kikao cha kwanza tu, kwamba wengi wao hawatabaki. Na kweli, zaidi ya 50 walipita langoni. Chuo kinawajibika kuendelea kumsomesha mchezaji wa namna hiyo akiamua kubaki, ila jezi ndiyo basi.

Kaka yako naye ana hoja, nisimdharau. Kocha Curt Cignetti alipotoka chuo cha James Madison kwenda cha Indiana mwishoni mwa 2023, zaidi ya wachezaji kumi walimfuata. Januari 2026 Indiana ilikuwa bingwa wa nchi, michezo 16 bila kufungwa. Kumfuata kocha kumewafaa watu. Ila wale walipita kwenye lango, hawakupita kwa rafiki.

Kijana aombe dakika kumi za kocha mpya, aende peke yake, amwulize: yule msaidizi anayefundisha mstari wa mbele anabaki au anaondoka? Huyo ndiye anayemwona kila siku, ndiye anayejua magoti yake na hasira zake. Kocha mkuu mwenyewe ana vijana 105 wa kuangalia. Akibaki huyo msaidizi, mimi ningemwambia mtoto atulie angalau hadi mazoezi ya majira ya kuchipua yaishe. Akiondoka, basi aulize wanaletwa wangapi wa nafasi yake. Kisha apite kwenye ofisi ya masomo. Ili aruhusiwe kucheza, anapoanza mwaka wa tatu lazima awe amemaliza asilimia 40 ya masomo ya shahada yake, mwaka wa nne asilimia 60. Anayehama katikati huenda chuo kipya kikakataa baadhi ya masomo aliyokwisha kufaulu, akajikuta amerudi nyuma huku amevaa jezi mpya. Hukuniandikia kama ana karatasi za ukaazi au viza ya mwanafunzi. Kama ni viza, aanzie ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana viza hiyo imefungwa na chuo chake.

Nikuambie kwa nini nashikilia hivi. Nilifundisha mpira wa kikapu katika shule moja ya hapa mjini kwa miaka mingi, hadi mwaka ambao mkurugenzi mpya alimleta mtu wake. Siku ile ile jioni, mrefu wangu kuliko wote alinifuata hadi kituo cha basi. Alikuwa ameshika viatu vyake kwa kamba, bado vina vumbi jekundu la uwanjani. Akasema, "Papa Kocha, mimi sichezi tena bila wewe." Nilifurahi, Mama. Nilimshika bega, nikapanda basi nikiwa nimefurahi. Sikumwambia rudi. Hakurudi mazoezini, na muhula uliofuata hakurudi hata darasani, kwa sababu mpira ndio uliokuwa unamtoa kitandani asubuhi. Yule aliyechukua nafasi yangu alikuwa kocha mzuri, nilikuja kumwona akifanya kazi. Angemfaa.

Kwa hiyo kijana akikupigia usiku, usianze na kocha. Mwulize amekula nini. Halafu mwulize kuhusu ile karatasi.

SWALI: Papa Kocha, mimi nafuatilia huo mpira kwa simu. Kocha Jimbo Fisher alifukuzwa na chuo cha Texas A&M akalipwa zaidi ya dola milioni 75 ili akae nyumbani. Lane Kiffin naye aliiacha timu ya chuo cha Ole Miss kwenda chuo cha LSU wiki chache kabla ya mchujo wa ubingwa. Hawa ni walimu au wasaliti? — *Mwanafunzi, Kampemba*

JIBU: Kijana, fedha ile ni woga wa vyuo wenyewe. Fisher alipochukuliwa kutoka Florida State mwishoni mwa 2017 alipewa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 75. Mwaka 2021, kwa kuogopa asinyang'anywe, wakamwongezea tena, na malipo yakawekwa kwamba atayapata hata akifukuzwa. Novemba 2023 walipomchoka, deni likawa limewasubiri. Hainipendezi, lakini aliyetia sahihi upande wa pili ni chuo.

Kuhusu Kiffin, mimi simwiti mtu msaliti kwa kubadilisha kazi. Hapa kwetu Mazembe ilichukua kombe la Afrika mwaka 2009 na Diego Garzitto, ikalichukua tena 2010 na Lamine N'Diaye, na hakuna aliyelia. Tatizo kubwa kule ni kalenda. Wachezaji wapya wanatia sahihi mwanzoni mwa Desemba, lango la uhamisho linafunguliwa mwanzoni mwa Januari, na mchujo unachezwa hapo hapo katikati. LSU ilikuwa imemfukuza kocha wake, Brian Kelly, Oktoba 2025, haikutaka kusubiri. Kiffin aliomba aiongoze Ole Miss hadi mwisho wa mchujo, chuo kikamkatalia. Mimi naona kilifanya sawa: huwezi kuwaandaa vijana hawa asubuhi, halafu jioni ukawaita wengine kwenye chuo kingine.

Timu akapewa Pete Golding, aliyekuwa akifundisha ulinzi, na ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wao hata kwa mchezo mmoja. Waliifunga Tulane, wakaifunga Georgia, wakafika nusu fainali. Golding alikuwa nao tangu mwaka 2023. Majina yao aliyajua yote.