Maswali yenu kuhusu lemonadi ya nyumbani

Nakoroga mpaka mkono unauma, lakini sukari inabaki chini ya jagi. Nakosea wapi?

Kwenye maji. Sukari huyeyuka polepole katika maji baridi, na ukishatia barafu ndiyo kabisa. Pika shira kwanza: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, koroga mpaka maji yawe maangavu, epua. Ikipoa, changanya na kikombe kimoja cha maji ya limau (malimau matano au sita ya wastani), kisha vikombe vinne vya maji baridi. Shira usiimwage yote kwa mkupuo. Tia robo tatu, onja, ndipo uamue, maana malimau hayafanani. Na uionje ikiwa baridi: kilichokuwa kitamu kikiwa vuguvugu, kikitoka kwenye friji utakiona kikali.

Yangu huwa chungu. Si uchachu, ni uchungu hasa, na sukari haisaidii.

Unasaga limau zima kwenye blenda, sivyo? Nami niliwahi, nikidhani nimegundua njia ya mkato; wageni walikunywa funda moja moja, wakaanza kusifia mapazia. Uchungu umo kwenye mbegu na kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda. Libingirishe limau mezani kwa kiganja lilegee, likate, likamue kwa mkono, na usilinyonge mpaka tone la mwisho. Chuja.

Kama unachotaka ni ile harufu ya ganda, ipo kwenye mafuta ya sehemu ya njano peke yake. Kwaruza juu juu, ukiona weupe acha. Fikicha makwaruzo hayo na sukari kwa vidole mpaka sukari iwe na unyevu kama mchanga wa mvua na inukie jikoni kote. Sukari hiyo ndiyo uipikie shira. Hakuna tunda utakaloongeza litakaloshinda hatua hii.

Matunda gani yanakubaliana na limau?

Karibu yote, ila kila moja lina masharti yake. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo vikombe vitatu vya tikiti lililosagwa na kuchujwa vichukue nafasi ya vikombe vitatu vya maji, na shira ipungue nusu. Embe ni zito. Kikombe kimoja kinatosha jagi zima. Pasheni ni chachu yenyewe, basi punguza limau nusu, na blenda uizungushe sekunde mbili tatu tu, mbegu zikipasuka utakunywa changarawe. Stroberi ziponde ndani ya shira ya moto, zikae dakika kumi, uchuje.

Asali badala ya sukari?

Inafaa. Iyeyushe kwenye maji vuguvugu, anza na robo tatu ya kikombe.

Inakaa siku ngapi?

Kwenye friji, ya limau tupu siku tatu. Yenye embe au tikiti imalize kesho yake. Iweke kwenye chupa ya kioo, si sufuria ya alumini, kwa sababu asidi ya limau hula alumini na kinywaji hupata ladha ya chuma. Barafu nayo huizimua, hivyo mimi hugandisha lemonadi yenyewe kwenye trei ya barafu.