Usiongeze hizo noti 10 za spidi. Zangu zilikula kiwanja

Hapana mkuu. Usiongeze hata noti moja.

Nimesoma hadi pale uliposema mwalimu wako wa urubani amekushauri utue Arusha na spidi ya noti 75 (maili za baharini kwa saa) badala ya 65 "kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi", chai ikanipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa na mwalimu wangu hapa Dar, kwa sauti ya mtu aliyeshushiwa wahyi. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kutua na ndege ndogo popote palipo juu kuliko Morogoro!

Hewa nyepesi, sawa. Sasa geji ya spidi inapima nini? Inapima msukumo wa hewa inayoingia kwenye kile kijibomba chini ya bawa. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo nao unapungua. Kwa hiyo sindano ikisoma 65 pale Kisongo, kwenye kiwanja cha ndege cha Arusha, bawa linabebwa vilevile kama linavyobebwa Dar kwenye 65. Geji imeshakupigia hesabu, wewe unaipiga mara ya pili. Kiwanja kile kiko futi 4,500 na ushee, na mchana wa nyuzi 28 ndege hujiona iko futi 7,000 hivi. 65 ya kwenye geji hapo ni kama 72 za mwendo halisi. Weka 10 za mwalimu, geji isome 75, mwendo halisi unaingia na 83. Na nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba, yaani kutoka 65 hadi 75 umebeba theluthi nzima ya ziada, na yote uimalize kabla lami haijaisha.

Mimi sikuimaliza. Cessna 172 ya kukodi, shemeji yangu pembeni, simu mkononi, anarekodi. Nikaingia na 75 kama nilivyofundwa. Nikainua pua ili ikae, haikai. Inaelea tu. Ile sehemu niliyopanga kugusa ikapita, njia ya kuchepukia ikapita, lami inakimbia chini yangu kwa kasi ambayo sijawahi kuiona Dar. Dawa ilikuwa mkononi mwangu: nguvu zote, ondoka, zunguka urudi. Lakini nilichokiwaza mimi ni kwamba shemeji anarekodi. Nikaibonyeza chini kwa lazima.

Ndege yenye mwendo wa kuruka ukiilazimisha ikae, inatanguliza tairi la mbele, na tairi lile halikuumbwa kwa kazi hiyo. Ikadunda. Nikasukuma usukani mbele kuifuata, ikadunda juu zaidi. Unaposahihisha mdundo wa kwanza yenyewe iko kwenye wa pili, mnapishana kama watu wawili mlangoni. Wa tatu mguu wa mbele ukakunja, panga la puani linalozungushwa na injini likachimba lami, tukateleza kwa pua mpaka tukasimama. Kimya. Shemeji akauliza, "Ndiyo tumefika?"

Hiyo video iko kwenye grupu la ukoo. Kila sikukuu kuna mtu anaifufua. Mama mkwe sasa ananiita Sungura, na mimi naitika, nifanyeje.

Unaweza kudhani hasara ni mguu na panga. Mguu wa mbele wa 172 umeshikizwa kwenye ule ukuta unaotenga injini na chumba chetu, na ukuta nao ukapinda. Injini ni ya kampuni ya Lycoming. Panga likishagonga chini namna ile, injini inafunguliwa yote ikaguliwe, hata kama bado inawaka vizuri. Bima ililipa, ila baada ya mimi kutoa fungu langu, na mkataba ukanibebesha siku zote ambazo ndege ilikaa bila kukodishwa. Mkataba ambao, ndiyo, nilisaini bila kusoma. Kwa kifupi niliharibu ndege kwenye kiwanja, nikauza kiwanja. Cha Kigamboni, kilichokuwa na msingi tayari.

Nilipompigia mwalimu alisema, "Labda uliongeza zaidi ya 10." Nayaacha hapo, modereta asije akanifungia.

Nyongeza ninayoikubali ni moja tu, ya upepo wa kurukaruka: mnara wa kuongozea ndege ukikupa upepo wa noti 10 unaofika 20, ongeza nusu ya tofauti, yaani 5. Hiyo ni ya upepo, siyo ya mlima.

Uliuliza na mengine, mafuta nadhani, na pa kulala. Lodge zipo tele. Turudi kwenye spidi. Leo usiku fungua kitabu cha ndege unayoikodi, jedwali la kutua. Umbali unabadilika kila mstari kadiri mwinuko na joto vinavyopanda. Spidi imeandikwa mara moja tu, juu kabisa, kwa viwanja vyote. Mpelekee mwalimu wako hilo jedwali umwombe akuonyeshe kwa kidole zilipo noti zake 10. Akizipata, piga picha uiweke hapa, nami nitakulipia hiyo lodge.