Laini mpya ikianza, tafuteni mwenye anajua halafu mumwondolee tageti

Nimeshona kwa kiwanda hapa Nakuru karibu miaka tisa na laini mpya (safu ya mashine ya kushona aina moja ya nguo) nimeanzishiwa mara tatu, kwa hivyo haya naandika yamenipata mimi mwenyewe.

Ile ilinifunza zaidi ni tulipotolewa kwa tisheti tukaingizwa kwa ovaroli za wafanyakazi wa mashamba ya maua. Mabosi walidhani kushona ni kushona tu. Jumatatu tageti, hesabu ya nguo za kumaliza kwa siku, ikabandikwa ukutani, kufika saa nne asubuhi sindano zinakatika kila mahali mpaka mekanika amechoka kuitwa. Kumbe bado tulikuwa na sindano za tisheti, namba 11 yenye ncha ya mviringo, na kitambaa cha ovaroli kinataka 16 ama 18 yenye ncha kali! Kitu ndogo hivyo na hakuna mtu alitushtua.

Hata baada ya kubadilisha bado zilikatika, isipokuwa kwa mama mmoja aliyekuwa ameshona suruali za jinzi huko EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Ukimuuliza anakuambia tu "shona pole pole" anainamisha kichwa. Tukamwita mchoyo, tulimkosea sana. Akisimama kukufunza dakika kumi bando zake za vipande vya kushona zinarundikana, na jioni karatasi inasema yeye ndiye hakufikisha.

Supavaiza wetu (wa maana, si wote wako hivyo) akaenda ofisini akaomba huyo mama atolewe kwa hesabu ya tageti wiki mbili. Hapo ndio tukaona mikono yake. Shida ilikuwa pale katikati ya miguu mishono inapokutana, kitambaa kinakuwa kigumu kama gogo. Sisi tukifika hapo tunakanyaga pedeli na kuvuta kwa nyuma. Yeye anaachilia pedeli, anagonga hapo na kanyundo, anazungusha gurudumu kwa mkono mara tatu nne hivi, akishavuka ndio anakanyaga tena. "Dadangu usivute, mashine inajivutia." Ukivuta sindano inapinda kidogo, inagonga chuma ya chini, kwisha. Alinifunza pia kusikiliza, ile sauti ikianza kuwa nzito unaachilia mguu kabla hata hujaona kitu.

Sasa kama kwenu mnaanza kitu kipya, ulizeni mapema nani ashawahi kukifanya mahali pengine, hata kama ni helpa wa kukata nyuzi. Ukifunzwa usijibu tu "nimeelewa", hiyo kila mtu husema, shona mbele yake huku ukimwambia unafanya nini na kwa nini. Rijekti, zile zimeharibika, msifiche. Yetu tulitundika kwa kamba kando ya kipande kizuri, siku ya kwanza ni aibu, ya tatu watu wanaenda kuangalia wenyewe. Video za simu zinasaidia pia lakini ombeni ruhusa kwanza, viwanda vingine simu ni kufutwa.

Na ukishaiva enda ufanye tredi testi (mtihani wa ufundi) ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi 3 ndio ya kuanzia, cheti inabaki yako hata kazi ikiisha.

Huyo mama amefunza watu kumi na moja sasa. Tuliomba aongezewe kitu kwa peislipu, wakasema wataangalia, na bado wanaangalia.